Mwendo wa Mkamua-Ute

Katika mji wetu aliyejitahidi ndiye aliyekwama. Aliyetulia tuli angekwenda zake nyumbani kunywa chai, ila hakuna aliyewahi kutulia. Naanza na hili ili nisionekane nalificha. Mimi ni mkamua-ute. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, au pengine ni mchana mmoja mrefu uliokatwa vipande tisa. Bondeni kwetu ukungu hukaa mpaka mtu asijue kama asubuhi imefika au bado inajishauri. Wiki ninayoisimulia ilikuwa na Alhamisi mbili. Hakuna aliyelalamika.

Ute unatoka kwa mahameli. Huyo ni mdudu mrefu kama kidole cha mtu mzima, laini wa kugusa, mwenye miguu mingi mifupi na minene inayotembea kama inaomba ruhusa. Anaishi chini ya magogo yaliyooza, mahali ambapo unyevu hauondoki. Hana mbio. Haoni mbali. Ana mirija miwili kando ya mdomo, na kwa mirija hiyo anarusha ute mweupe anaouhifadhi katika mifuko miwili mirefu ndani ya mwili wake. Nyenje akipita karibu, mahameli anamnyunyizia. Nyenje anaruka. Anaruka tena. Mruko wa tatu haupo.

Kule juu, katika jengo pekee lililo kavu bonde zima, Baraza lina Kiti. Anayeshtakiwa hukalishwa hapo, mkamua-ute huleta bakuli, na Msemaji wa Kiti humwagia mshtakiwa ute kwa kata, kichwani, mabegani, magotini, polepole kama anambariki. Kisha tunasubiri. Ute ukimgandia ukawa nyuzi, ana hatia. Ukimtiririka ukaanguka sakafuni, hana. Katika kumbukumbu yote ya mji, ute haujawahi kumtiririka mtu. Sisi tulichukulia kwamba tumejaliwa wenye hatia wengi.

Ndugu wa mshtakiwa husimama nyuma ya kamba. Desturi inawataka wampazie sauti kwa mapenzi yao yote: Jinasue! Jinasue! Na yeye, akisikia sauti ya mkewe, ya mwanawe, ya jirani aliyemwazima jembe, hujivuta kwa nguvu zote alizopewa. Huvuta bega, huvuta goti. Nyuzi zinatokea, nyembamba kwanza kama utando wa buibui, halafu nyeupe, halafu ngumu. Kadiri tunavyompenda ndivyo anavyovuta.

Waliogandiwa hubebwa pamoja na nyuzi zao mpaka Banda la Wakavu, wakapangwa kwenye mabenchi. Hawafi. Hawazeeki pia. Baba yangu yumo humo tangu nilipokuwa na miaka minane. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na bado anayo hiyohiyo. Miaka miwili ijayo nitalingana naye, halafu nitakuwa dada yake mkubwa. Jina lake liliandikwa kwenye ukuta wa Baraza kwa uzi wa ute uleule uliomfunga. Vipande vilivyobaki kwenye Kiti vilikwanguliwa wakalishwa mahameli, kwa sababu mahameli hula ute wake mwenyewe. Kujaza mifuko yake upya kunamchukua zaidi ya wiki tatu, na protini ni kitu adimu kwa kiumbe mdogo, hivyo yeye hatupi kitu. Nikisikia watu wakishangaa kwamba Baraza halichoki, huwaza hilo.

Tena maji hayaingii ukumbini. Mlangoni kuna magunia manne ya kufutia miguu, na mlinzi anayekausha majasho ya watu kwa taulo. Hata kulia kunafanyiwa nje. Tuliambiwa ni heshima.

Na mimi nikabeba bakuli. Niseme nilivyolibeba, maana kesi yote imo humo. Mahameli hukamuliwa kwa kupapaswa mgongo kwa brashi laini. Hukasirika kidogo, hurusha, nawe unakinga. Ukikinga mahameli mia mbili una bakuli moja. Toka hapo unapanda ngazi mia na nne bila kulitikisa. Goti linakunjwa, kisigino kinatangulia, pumzi inatoka puani tu. Ndio mwendo wa mkamua-ute, na watoto wa mji huuigiza mchezoni. Aliyenifundisha ni Bi Kidawa, aliyeshika kazi hii kabla yangu, mwanamke mwenye mabega mapana na ulimi mkali.

"Tembea kama umebeba mtoto aliyelala," aliniambia siku ya kwanza. "Ukilitikisa, litajaa nyuzi kabla hujafika, nawe utapanda kitini badala ya mshtakiwa."

"Kwa nini linajaa nyuzi, Bi?"

"Iweke chini hiyo kwa nini yako. Inatikisa bakuli."

Nikaiweka chini. Miaka tisa.

*

Alhamisi ya kwanza, mdogo wangu Sikudhani alipeleka mapazia ya Baraza. Yeye ni dobi, kazi ya ukaidi katika bonde lisilo na jua. Anafua Jumatatu, anaanika, anaanua wiki ya pili, anatukana mawingu kwa majina yao. Aliingia ukumbini na mapazia makavu mikononi na kitambaa kibichi kifuani ambacho mlinzi hakukiona. Alipobaki peke yake alilifuta jina la baba ukutani.

Walinikubalia nimwone katika chumba cha kungojea. Alikuwa amekaa juu ya meza, anapunga miguu.

"Dada, usinikodolee hivyo. Nilipangusa tu."

"Umepangusa jina la mtu kwenye ukuta wa Baraza, Siku."

"Jina la babangu. Lilikuwa na vumbi."

"Vumbi!"

"Vumbi, na mkononi nina kitambaa kibichi. Dobi abebe nini, rungu?"

Nilitaka kumzaba kofi na nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kuchagua, nikakaa.

"Likatoka?" nikauliza.

Aliacha kupunga miguu. "Hilo ndilo lililonitisha. Nilidhani litabaki, mimi nipate tu raha ya kulisugua. Lililainika. Likateremka ukutani kama mlenda, herufi moja baada ya nyingine. Nikafikiri nimemuua mzee."

"Uzi wa ute hauyeyuki."

"Basi kaiambie ile alama iliyobaki ukutani." Akanitazama. "Alhamisi ijayo ni lini?"

"Kesho."

"Hata nguo zangu hazijakauka," alisema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikawa ya mtoto.

*

Nilirudi kwenye kibanda changu cha kukamulia. Nina hadubini ya zamani, niliyopewa nilipomaliza stashahada. Haifiki ndani kabisa ya mambo, lakini inafika mbali kuliko Baraza. Nikatia matone mawili ya ute kwenye vioo viwili. La kwanza nilikoroga kwa ncha ya sindano mara kumi. La pili sikuligusa. La kwanza liliinuka na sindano, likawa uzi, uzi ukakatalia hewani mgumu kama bua. La pili lilikaa vilevile, jeupe na zito na lenye amani. Nikauchukua uzi wa lile la kwanza, nikaudondoshea maji. Nikasubiri. Ukalegea, ukavimba, ukapotea. Nikayakoroga maji yale, na uzi ukarudi.

Chuoni tulifundishwa haya. Nilipata alama nzuri, nikayasahau, kwa sababu yalikuwa kweli tu, hayakuwa na mtu ndani yake. Sehemu tisa kati ya kumi za ute ni maji. Ndani ya maji hayo kuna protini kubwa na mafuta kidogo, vimejikunja pamoja kuwa vidonge vidogo mno, vyote vya ukubwa unaokaribiana, vimeshikiliwa na chaji, chanya upande huu na hasi upande ule, kama watu walioshikana mikono ili umati usiwatenganishe. Vikiachwa, vinaelea. Havijui kufunga. Lakini uvute ute huo, uusugue, uutikise, na vidonge vinapasuka, protini zinanyooka na kushikana ubavu kwa ubavu, maji yanakimbia, na kilichobaki ni uzi mgumu unaokaribia nailoni. Hakuna moto uliowashwa. Hakuna dawa iliyoongezwa. Mahameli anatoa umajimaji. Kamba inasokotwa na nyenje.

Nikakaa na hilo. Ukungu ulipita dirishani mara kadhaa, sijui kama ni ukungu mmoja. Nilijiona niko chini ya gogo, nina miguu mingi mifupi, nina mirija miwili kando ya mdomo wangu, na mtu mwenye brashi laini ananipapasa mgongo ananiambia mimi ni fundi mzuri. Kumbe sikuwahi kumfunga mtu. Nilileta umajimaji tu. Kila mmoja wetu aliwahi kusema hivyo: Bi Kidawa alibeba tu, Msemaji alimwaga tu, umati ulipenda tu. Ni nini hasa, hii enzi inayokaa juu ya ngazi mia na nne, kama nguvu yake yote ni ya kuazima kutoka kwenye mabega ya yule inayemfunga? Je, ipo isipotikiswa?

Miguu yangu ilijua.

Miguu yangu ilijua ngazi kwa ngazi, kisigino mbele, pumzi puani. Kila asubuhi ya kesi nilipanda nikiwa na jibu kwenye magoti yangu, na kichwani hakukuwa na mtu wa kulipokea. Nilidhani natembea hivyo kwa unyenyekevu.

Na siku ile ya baba. Nilikuwa mbele kabisa, kifua kimebana kwenye kamba. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kuliko zote, ikapenya. Jinasue, baba! Aligeuza shingo anitafute. Uzi wa kwanza ulitoka shingoni.

*

Kumwambia Sikudhani atulie kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa mama, maana Siku angeweza kuuzuia mwili wake lakini asingeweza kuuzuia usimjibu mama yake akiita. Na mama akisimama nyuma ya ile kamba ana sauti ya kuamsha bonde.

Nilimkuta jikoni anakoroga mlenda, mwiko unainuka na kamba zake.

"Umekuja na sura ya mtu aliyekanyaga kuku," alisema. "Kula kwanza."

"Mama, kesho usipige kelele."

Mwiko uliendelea. "Nimenunua tangawizi ya koo. Nimewaambia shangazi zako wote. Baba yako alikuwa na sauti sita tu nyuma ya kamba, ndiyo maana hakufaulu. Siku atakuwa na thelathini."

"Ndio maana nakwambia."

"Unaniambia nini, hasa?"

Nikamwambia. Sikuwa na maneno ya chuoni ya kumpa, nikatumia sufuria. Nikashika mkono wake juu ya mwiko, nikausimamisha. Mlenda ukatulia. Nikausogeza. Kamba zikainuka. Nikamwambia kwamba ute ni hivyo, ila wenyewe ukishainuka haurudi chini mpaka upate maji. Nikamwambia anayevuta ndiye anayejifunga, na anayeitwa ndiye anayevuta.

Mama hana stashahada, lakini hakuna aliyewahi kumweleza kitu mara mbili. Alitazama sufuria mpaka mlenda ukaanza kushika chini, nao ukanuka, na hakuna kati yetu aliyeutoa motoni.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ni sote, mama. Mimi nilikuwa mbele."

"Wewe ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikunywa tangawizi."

Kuna mahali ambapo ukimvuta mtu ili umtoe, unamkaza. Nikakaa kando yake, bega kwa bega, bila kusogea, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoutumia ule mwendo wa bakuli kwa jambo la maana. Baadaye sana alitoa sufuria motoni.

"Umeungua," alisema. "Tutakula hivyohivyo."

*

Alhamisi ya pili nilipanda ngazi na bakuli. Ningeweza kulitikisa njiani likaharibika. Wangenipandisha mimi, wakamtafuta mkamuaji mwingine mwenye magoti mazuri, na Kiti kingebaki Kiti. Nilitaka kilichomo bakulini kifike salama, kionekane kilivyo.

Msemaji wa Kiti anaitwa Bwana Shekuwe. Ni mtu mpole, mwenye mikono safi, anayewaita washtakiwa wote wanawe. Alimwagia Siku kata ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ute ukamshukia usoni na mabegani. Siku alifumba macho, mikono juu ya magoti, akawa kama nguo iliyoanikwa siku isiyo na upepo.

"Mwanangu," alisema Bwana Shekuwe, "watu wako wamekuja. Wasikie."

Shangazi walivuta pumzi kwa pamoja. Wa kwanza alifika "Ji—" na mama akainua mkono.

"Nyamazeni."

"Wifi, mtoto atakauka!" shangazi mkubwa alinong'ona. "Unataka tumwache peke yake?"

"Nataka tumwache. Atakayefungua mdomo hatakula kwangu tena mpaka nife."

Ukumbi ulinyamaza. Nimefanya kazi humo miaka tisa na sikuwa najua kwamba ukumbi ule una sauti yake: paa linalia kidogo, na mbali nje mvua. Bwana Shekuwe alizunguka Kiti. Alimwambia Siku kuna nzi sikioni mwake. Alisema baba yake alikuwa mwanamume zaidi, angalau alipigana. Alisema, kwa upole uleule, kwamba moto umewaka kwenye kamba yake ya nguo. Midomo ya Siku ilibaki mahali pake. Tone lilining'inia kidevuni. Likarefuka. Likaanguka.

Hakuna aliyewahi kusikia tone likianguka kwenye sakafu ile. Likafuata la pili. Halafu ute ukaanza kumtoka taratibu, mabegani, viwikoni, ukakusanyika miguuni mwake, mzima, mweupe, usiomjua mtu. Muda ulipita, au ulikaa pamoja nasi kungoja. Mwishowe alibaki msichana aliyelowa kwenye kiti cha kawaida cha mbao.

Isipokuwa ukope wa kulia. Mtu hawezi kuuzuia ukope milele. Ulipepesa mara moja tu, na hapohapo uzi mmoja ukajifunga, kutoka ukopeni mpaka shavuni.

"Hatia," alisema Bwana Shekuwe, na nikasikia alivyofarijika. "Ndogo, lakini ni hatia. Unaonekana."

Mama alipita chini ya kamba. Mlinzi alimtazama akasahau kazi yake. Alimfikia Siku, akakilamba kidole gumba chake, kama kila mama anavyofanya mwanawe akiwa na makombo usoni na mgeni yuko mlangoni, akamfuta. Uzi ukalegea. Ukavimba. Ukatoka na kidole chake, akajifutia kwenye khanga.

"Hatia yenu hiyo," alisema. "Siku, inuka, twende nyumbani."

Siku alifungua macho. "Nimekaa vizuri, mama?"

"Umekaa vizuri. Mgongo ndio umeupinda."

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu akaweka mkono mdomoni, maana mumewe yuko bandani. Nikaona hesabu ile ile ikipita usoni mwa kila mmoja, uso baada ya uso: nani wao amekaa kwenye benchi, nani alimpigia kelele, na mate yaliyomo kinywani mwao wenyewe yanaweza nini. Walitoka bila kukimbia. Hakuna aliyefuta miguu.

*

Nilibaki mimi, bakuli tupu, na Baraza. Kupitia dirishani nilisikia ndoo zikigongana kwenye bomba la chini, na sauti ya mama ikipanga foleni, na Siku akiwafundisha watu kulowesha kitambaa: usikimiminie maji, shangazi, kiache kinywe. Halafu kutoka upande wa Banda la Wakavu nikasikia kikohozi cha mwanamume. Kilikuwa kikavu, na cha zamani sana. Sikujua kama ni baba. Mikono yangu ilitaka kutetemeka, nikaiacha itetemeke, maana bakuli halikuwa na kitu.

"Mwanangu," alisema Bwana Shekuwe. Alionekana amechoka, na mikono yake sasa ilikuwa na ute. "Sitaki makubwa. Watu wamechanganyikiwa. Watahitaji Kiti kesho, watakapogombana juu ya mipaka na mbuzi, nawe unajua hilo. Sema mbele ya Baraza kwamba ute wa leo haukuwa mzuri. Uombe radhi. Neno moja tu, nami nakuachia kibanda chako na mahameli wako."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima niliyolelewa nayo. Nikaona alivyoinyanyua kata kidogo aliponiambia hivyo, bila yeye mwenyewe kujua. Angenimwagia neno, halafu angesubiri nivute. Ningeeleza, ningejitetea, ningesema sikukusudia, mzee, nilikuwa nafanya kazi yangu tu, na kila sentensi ingenyooka ikashikana na mwenzake mpaka nisiweze kugeuza shingo.

Nikaliweka bakuli juu ya Kiti.

"Ute ulikuwa mzuri," nikamwambia. "Niliukamua mwenyewe, nikaupandisha ngazi mia na nne bila uzi hata mmoja. Ninao watu wa kuwaomba radhi, wako bandani, na ninakwenda kwao sasa hivi na ndoo. Ninyi hammo."

"Neno moja," alirudia. "Ukininyima hata hilo, utaondoka humu bila kitu."

"Siombi radhi," nikasema, nikashuka ngazi kwa mwendo wa mtu wa kawaida.